Utepe wa Shada la Liwayway

Crisanto alipofariki kwa ajali ya pikipiki, mkewe Liwayway alikuwa kwao Batangas na mtoto wao mchanga. Alipofika na mtoto hapa Carcar, kisiwani Cebu, alikuta jeneza limeshawekwa sebuleni, waombolezaji wanacheza karata uani kama ilivyo desturi yetu ya kukesha na maiti. Hakuna aliyempokea begi. Tangu harusi, mama mkwe wake Basilisa hakuchoka kutuambia sisi majirani kwamba yule Mtagalogi, mtu wa kabila jingine, kamwibia mwanawe.

Liwayway aliweka shada lake miguuni pa jeneza. Utepe wake aliuandikisha kwao kabla ya kupanda meli, neno moja kwa herufi za dhahabu: *Paghilom*. Kwa Watagalogi ni kupona kwa kidonda. Kwetu Cebu ni amri: nyamaza!

Wifi yake Merlinda ndiye aliyeusoma kwanza.

"Mama, njoo uone! Mkweo anakwambia ufunge mdomo, na maiti ya mwanao iko hapa!"

Karata zikasimama.

"Sivyo, wifi," Liwayway akasema. "Kwetu maana yake…"

"Kwenu! Hapa ni kwenu?"

Basilisa akaunyofoa utepe, akautupa kwenye maganda ya karanga. "Mwanangu nimlilie, halafu wewe uninyamazishe?"

Liwayway alijaribu kujieleza, lakini Kisebuano chake, lugha yetu, kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Akabaki analia. Uvumilivu ukanishinda.

"Dada Basilisa, anasema kweli. Neno ni lile lile, ila kwao ni kupona. Anakuombea heri."

"Unanifundisha wewe?" Basilisa akanigeukia. "Nimefua nguo za watu Manila mpaka vidole vikachubuka. Kitagalogi nakijua." Akamalizia kwa Kitagalogi: "Nimemwelewa tangu mwanzo. Nani kamwambia nataka kupona?"

Hapo Liwayway akaacha kulia. Akavuta kiti, akakaa kichwani pa jeneza, na Merlinda alipomwambia atoke, hakugeuza hata shingo.

Siku ya maziko, kwa mila yetu, ilibidi mtoto apitishwe juu ya jeneza kutoka mkono mmoja hadi mwingine, roho ya baba isije ikamsumbua. Liwayway akamnyanyua. Upande wa pili Basilisa alikuwa ameshanyoosha mikono kumpokea. Liwayway akaitazama ile mikono. Akasogea hatua, akanipitishia mtoto mimi niliyesimama kando ya Basilisa.

Jioni ile ile Liwayway na mtoto walipanda basi la bandarini kurudi kwao. Basilisa hakutoka nje kuwaaga.