Inspekta na Mgeni wa Ajwang'

Paka wa nyumba aliitwa Inspekta, na jina hilo hakupewa bure. Kila alfajiri alikagua nyumba nzima, chumba hadi chumba, akinusa magunia na kuchungulia chini ya vitanda, kama yule bwana wa tikiti anayewasaka waliojificha chooni mwa treni. Alikuwa paka wa marehemu Lois, mke wa Noah. Lois alipofariki, mashangazi waliteremka kutoka kijijini kwao, Wusi, wakalia vizuri, kisha wakagawana vizuri zaidi: nguo, vikombe, hata ile sufuria kubwa ya uji wa wageni. Paka hakuna aliyemtaka. Akabaki kwa Peris, binti wa marehemu, na Peris akampenda kwa wivu, maana alijiona hana kingine cha mama yake.

Msiba haujatimiza miaka miwili, Noah akaoa. Wa kumlaumu nani? Siku hizo reli ilikuwa bado ya nchi tatu kwa pamoja, kazi haina usiku wala mchana, na mtu wa signali za treni kama yeye akirudi kutoka stesheni ya Voi na vumbi jekundu hadi kwenye kope anataka kukuta mtu. Lakini Peris alikuwa na miaka kumi na tisa, na funguo za nyumba yao ya mtaa wa Kaloleni, hapo hapo Voi, zilikuwa kiunoni mwake. Yeye alimlaumu. Mwanamke mwenyewe, Ajwang', alikuwa mjane aliyekuwa akiwapikia vibarua wa shamba la mkonge, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha watu mia. Alikuja na sanduku la bati na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na mtoto wa paka, mweupe, mdogo wa kuenea kwenye kiganja.

"Hata paka amekuja naye," Peris alisema, bila kumwambia mtu. "Hapa walimwambia tuna njaa ya paka?"

Inspekta naye alifura mpaka akawa paka wawili. Ajwang' akamrudisha mtoto kikapuni upesi.

"Hii itakaa chumba chetu kwanza, mlango ufungwe," alisema. "Pole pole. Zikisikiana kwa siku nyingi, ndiyo zionane."

"Kwetu wageni hawafungiwi chumbani kama maharusi," Peris alijibu.

"Mtazoeana," alisema Noah, akivua viatu, na haikujulikana alikuwa akiwaambia paka au wanawake.

Hawakuzoeana. Inspekta alihamia nje ya mlango ule, akalala hapo akiunguruma. Maziwa akayakataa. Peris akipika, chumvi inazidi kwa Ajwang' peke yake. Ajwang' akifagia, taka zinaishia mlangoni kwa Peris. Kisha siku moja Inspekta akakojolea sare ya kazi ya Noah, ile iliyopigwa pasi, na hapo mzee akapandwa na hasira ambayo nyumba ile haikuwahi kuiona.

"Nakwenda shifti," alisema. "Nikirudi nikute huyu paka ametulia. La sivyo anakwenda Bura kwa shemeji yangu akalinde mahindi. Na sitaki kuombwa."

Peris alimjua baba yake. Akisema Bura, ni Bura. Akaanza kufikiri mbio, na mwenye haraka ya namna hiyo hukamata wazo la kwanza linalopita. Alikumbuka kule Wusi: kuku akinunuliwa, hufungwa mguu kwenye mguu wa meza, wenyeji wakamdonoadonoa kidogo, wakachoka, naye akazoea mji. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo alivyokuwa akisema marehemu mama yake. Ikiwa kuku huzoeana hivyo, paka ana nini cha ajabu? Wacha waonane leo, wamalizane leo. Tuseme kweli pia: moyoni mlikuwa na kisirani. Hakutaka yule mdogo afe, lakini akichapwa kofi moja au mawili hakuona ubaya. Kofi moja lingemfundisha mgeni adabu, na labda mwenye mgeni naye angejifunza.

Basi Ajwang' alipokwenda sokoni, Peris akamtoa mtoto wa paka, akamfunga mguu wa nyuma kwa kamba ya mkonge kwenye meza ya jikoni. Akamwachia Inspekta mlango wazi, akachukua ndoo akaenda mferejini. Foleni ilikuwa ndefu na maneno matamu, naye hakujiharakisha.

Alisikia mayowe kabla hajafika uani. Akaiacha ndoo ikimwagika. Mtoto wa paka alikuwa amezunguka na kuzunguka mguu wa meza mpaka kamba ikaisha, amebanwa, hana pa kukimbilia, na Inspekta yuko juu yake. Jicho moja lilikuwa damu tupu. Peris akaita, hakusikilizwa. Akanyakua mwiko, akampiga Inspekta mgongoni kwa nguvu zake zote.

Paka yule hakuwahi kupigwa tangu azaliwe. Alimtazama Peris mara moja, akaruka dirishani, akaenda.

Ajwang' aliingia na samaki wake, akamkuta Peris amepiga magoti anahangaika na fundo. Akachukua kisu, akaikata kamba.

"Nilitaka wazoeane tu," Peris alisema, akilia. "Kwetu kuku hufungwa hivyo."

"Kuku inafungwa isitoroke. Hii uliifunga ipigwe." Akamwekea mtoto wa paka mapajani. "Umeiharibu wewe, utaiponya wewe."

Noah aliporudi hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angefoka. "Basi haina haja ya Bura," alisema. "Amejipeleka mwenyewe."

Peris alimtafuta Inspekta kila jioni, akiita kwenye mitaro na nyuma ya maduka mpaka watoto wakaanza kumwigiza. Na kila asubuhi alimwosha yule mdogo jicho, akimchukia. Jicho halikupona, lilibaki weupe mtupu. Lakini mtoto wa paka hana kumbukumbu ya lawama: akimaliza kuoshwa hujikunja ndani ya sweta ya Peris na kulala fofofo, naye Peris anafanya kazi za nyumba hivyo hivyo, na mzigo kifuani.

Ndipo akapata habari. Inspekta alikuwa kwa mzee Khaemba, fundi wa njia ya reli aliyeishi peke yake nyumba za mwisho. Peris alikimbia. Kweli, alikuwa pale, amenenepa, amelala juu ya koti la mzee.

"Alikuja mwenyewe, binti yangu," Khaemba alisema. "Sikumwita. Ukiweza kumchukua, chukua."

Peris alichuchumaa, akanyoosha mkono. "Inspekta. Twende nyumbani."

Paka alinusa vidole vyake pole pole, kimoja kimoja. Akanusa kifua cha sweta. Masikio yakalala, manyoya yakasimama, akamfokea meno nje, na Peris alipojaribu kumgusa akampasua kiganja. Kama alichukia ule mwiko au harufu ya yule mdogo, Peris hakujua, na haikuwa na tofauti. Alijaribu tena, akapigwa tena. Mzee Khaemba akageuza uso.

Alirudi Kaloleni mikono mitupu, damu ikimchuruzika kwenye rinda. Ajwang' alikuwa uani akichagua maharagwe. Akauona ule mkono.

"Umempata?"

"Nimempata. Amenikataa."

Ajwang' alitupa kijiwe, akachagua, akatupa kingine. "Nyumba ikikukataa pia ni hivyo," alisema. "Mimi kukataliwa ndiyo nakula hapa kila siku."

Peris alisimama pale akimchukia kuliko siku zote. Kisha akaingia ndani kupika.