Shahidi Aliyekuja Amelowa

Damnat alikuwa akigeuza mikate ya shayiri juu ya jiwe la moto, na mzee Máenach, mtunza nasaba, akilainisha ngozi ya ndama ya kuandikia mlangoni penye mwanga, Eadwulf alipoingia amelowa. Alikuwa amekufa maji miaka tisa iliyopita, akivuka bahari kurudi kwao kwa Wasaksoni.

"Jipanguse miguu," Damnat alimwambia mumewe. "Nimefagia sasa hivi."

Akajipangusa. Mwani ukabaki kizingitini.

Alikuja kwa ajili ya binti yao. Lassar alikuwa ng'ambo kwa ndugu za baba yake, akingoja barua ya nasaba. Ikisema mama yake ni mke wa ndoa, ataketi nao mezani. Isiposema, ataendelea kuwaoshea vyungu.

"Nilimwoa," Eadwulf alisema. "Nilitoa ng'ombe kumi na wawili, mmoja kiwete."

"Wawili viwete. Ukiapa, apa vizuri."

Akakubali kuwa ni wawili.

Máenach alimsikiliza hadi mwisho. "Bwana Eadwulf, sikukatalii. Lakini kiapo hupimwa kwa thamani ya heshima ya mtu, na marehemu hana. Kwa sheria, hujasema kitu."

"Basi naapa mimi," alisema Damnat.

"Mama Lassar, mke hupimwa kwa nusu ya heshima ya mumewe." Akamtazama Eadwulf akichuruzika maji. "Sasa hapo nusu ni ipi?"

"Si ulikuwepo harusini wewe! Ulikula mpaka ukalegeza mkanda."

"Nilikula, na nyama ilikuwa tamu. Ila mtunza nasaba hatoi ushahidi katika kitabu chake mwenyewe."

Upepo ukaikunja ngozi. Máenach akamwomba Damnat amshikie pembe moja ya ngozi, naye akaishika kwa kidole chenye unga. Mzee aliandika huku akisoma kwa sauti: Eadwulf, baba yake, babu yake, hadi vizazi kumi na vinne.

"Huyo wa kumi na nne nani alimwona?" Damnat aliuliza.

"Huyo ni wa kale. Hana wa kumpinga."

Kisha akaandika Lassar, binti Eadwulf. Mama hajulikani.

"Nipulizie wino, tafadhali, ukauke."

Damnat akapuliza taratibu, maana wino ungevuja, jina la Lassar nalo lingepotea. Halafu akamkatia mumewe mkate wa moto, akasogeza chungu chini ya kiti chake kukinga maji, naye Eadwulf akala.

Chungu kilipojaa, Damnat aliyamwaga maji nje, akakiosha.