Masikio ya Papa Mwenze

Kama kuna kitu ambacho mtaa mzima wa Ruashi ulikubaliana juu yake, ni masikio ya Papa Mwenze. Mafundi wengine walifungua injini ndipo wajue ugonjwa. Yeye alisimama kando ya gari, akainamisha kichwa, akakuambia ni bougie, yaani plagi, ya ngapi haitoi cheche. Watu walileta magari kutoka mjini kabisa, wakawapita mafundi ishirini njiani, kwa ajili ya masikio hayo. Naye alijivuna, msidanganywe. Mgane wa miaka sitini na minne, anayekaa peke yake nyuma ya garaji, alikuwa amebakiwa na sifa hiyo tu.

Na masikio yenyewe yalikuwa yamekufa. Sauti ya mtu aliyesimama mbele yake aliipata, tena akimwangalia midomo. Lakini mlio wa injini, ule wa kuchambuachambua, ulikuwa umegeuka ngurumo moja tu. Hakumwambia mtu. Alikuwa anabahatisha, na kwa uzoefu wa miaka arobaini alibahatisha vizuri, mpaka lilipokuja gari la Émerance.

Émerance, mama mfanyabiashara mzaliwa wa Butembo anayeuza maharagwe kwa jumla hapa mjini, alilileta Jumatatu: gari la zamani, linakohoa, linashtukashtuka kwenye mlima, linakunywa mafuta ovyo. Papa Mwenze akainamisha kichwa kama desturi, akajifanya anasikiliza, akabadilisha bougie zote nne. Uongo wa kitaalamu huo. Jumatano asubuhi gari likarudi linatetemeka vilevile, na mwenyewe hana mzaha: mama yake, ambaye hajamwona miaka mitano, angeshuka na ndege pale Luano saa nane mchana.

Wakawasha injini. Kazi yenyewe ni rahisi hata kwa anayejifunza: injini ikizunguka, unachomoa waya wa bougie mmoja, unaurudisha, unachomoa mwingine. Ukichomoa waya mzima, mlio unashuka. Ukichomoa na injini isishtuke, umempata mgonjwa. Akashika koleo lenye mpini wa mpira, akachomoa wa kwanza. Hakusikia tofauti. Wa pili, hakusikia tofauti. Akaweka kiganja juu ya chuma apate walau kuhisi, lakini gari lile lilikuwa limechakaa, lilitetemeka lote, pazima na pabovu pamoja. Jasho likamtoka. Aliogopa kama mwizi.

Angeweza kumwambia bobine imekufa, ile koili inayozipa bougie moto, aende mjini akatafute nyingine. Nani angembishia Mwenze? Na mama wa watu angekaa uwanja wa ndege na mizigo yake, akitazama barabara. Hapo ndipo uongo ulipomshinda. Kungoja mtu asiyekuja, alikujua.

Akarudisha waya mahali pake, akamgeukia Émerance.

“Mama, masikio yangu ilikufa. Minachomoa fil moja moja, weye unasikiliza. Mulio ikishuka, nyanyua mukono.”

Émerance alimtazama kitambo, akadhani ni mzaha, akaona si mzaha. Akasogea karibu. Waya wa kwanza, mkono juu. Wa pili, mkono juu. Wa tatu, mkono ukabaki chini, na mwanamke akatikisa kichwa. Wa nne, juu. Bougie ya tatu ilikuwa mpya, kwa hiyo lawama ikaangukia waya. Fundi alizima injini, akaukunja waya huo, akaona ufa pale ulipokuwa unalalia chuma. Cheche zilikuwa zinatorokea hapo. Akaweka mwingine aliouchomoa kwenye gari bovu lililolala uani. Émerance akawasha tena. Uso wake ukalegea, na kwa uso huo fundi akajua kwamba gari limepona. Ilimuuma kujua kwa njia hiyo.

Émerance alikuwa ameshaingiza gia alipotoa kichwa dirishani, akamuuliza taratibu, macho kwa macho, masikio hayo yalianza kufa lini.

“Sijue, mama. Bwalya, bibi yangu, alikufa miaka mbili ilipita. Tangu pale, mu nyumba hakuna muntu mwenye kusema na miye. Ningejua na nini?”