Kinyozi, Mama Mkwe na Sindano za Tumboni

Kinyozi alivunjika mguu kwa sababu ya ubishi. Mteja alidai kwamba wanaume wa rika lao hawawezi tena kuruka na kugonganisha visigino hewani. Kinyozi akaweka mkasi chini, akaruka. Visigino viligongana vizuri kabisa. Kasheshe ilikuwa kushuka: alitua juu ya nywele za asubuhi nzima, akateleza, na mfupa wa chini ya goti ukalia ka!

Hospitalini walimfunga plasta kutoka vidoleni hadi chini ya goti.

"Mfupa utaunga," daktari alimwambia. "Ninachoogopa ni damu. Mguu ukilala tu bila kazi, damu inaweza kuganda ndani ya mishipa, na bonge likipanda hadi kwenye mapafu ni hatari kubwa. Kwa hiyo chezesha vidole kila saa, kunywa maji, tembea na magongo kama ulivyofundishwa. Na kila siku sindano moja ya tumboni, wiki sita."

Kinyozi alisikia neno moja tu. "Ya tumboni?"

Mkewe alikuwa dereva wa lori, na safari zake zilikuwa za siku nne nne. "Usijali, mume wangu," alisema akiwasha injini. "Nimeshampigia Mama."

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa sauti nene aliyezalisha nusu ya mji. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa, kinyozi hakuwahi hata kufungua kifungo cha pili cha shati mbele yake. Sasa alikuwa amesimama kando ya kitanda, sindano mkononi.

"Pandisha shati, mwanangu."

"Mama, kwa heshima zote, siwezi."

Walivutana hadi chai ikapoa. Mwishowe kinyozi akachukua mkasi wake, akakata tundu dogo kwenye shati, ukubwa wa sarafu, akafumba macho.

"Vuta pumzi," aliamuru mama mkwe. "Usisukume!"

"Mama, mimi sizai."

"Wote husema hivyo."

Kwa kuwa sindano haikutakiwa kurudi palepale, kila siku lilihitajika tundu jipya. Mke aliporudi safari ya pili, alimkuta mumewe amevaa chujio.

Sindano alizivumilia, ila vidole vilimchosha. Kila saa mama mkwe aligonga sufuria kwa mwiko jikoni, akapaza sauti, "Vidole!" Naye kinyozi alijibu "Tayari!" bila kutikisa hata kimoja, amejilaza kama sultani. Magongo yalijaa vumbi mlangoni.

Wiki ya tatu plasta ikaanza kumwasha. Akachukua kitana chembamba cha kazini, akakipenyeza ndani na kujikuna, raha ya ajabu, mpaka kitana kikamponyoka na kuzama. Akanyamaza kimya. Kesho yake shavu la mguu likaanza kuuma na vidole vikavimba. Hapo pia akanyamaza, kwa kuogopa kufokewa.

Mama mkwe aliviona vidole alipoleta maji. Akavigusa. "Tangu lini?"

"Jana, Mama."

Hakufoka. Aliita teksi, akakaa pembeni yake njia nzima akimhimiza dereva. Haraka ile ilimtisha kinyozi kuliko sindano zote.

Hospitalini plasta ilikatwa, mguu ukapakwa ute wa baridi na kupitishiwa kipimo. Daktari aliangalia kioo cha mashine kwa muda mrefu.

"Hakuna damu iliyoganda," alisema hatimaye. "Uvimbe umeletwa na hiki." Akainua kitana.

Mama mkwe alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha, palepale chini, akalia. "Nilishaanza kupanga nitamwambia nini binti yangu," alisema akijifuta kwa kiganja. "Wewe mtu, ukiumwa sema!"

"Nisamehe, Mama. Na vidole pia. Nilikuwa nadanganya."

"Nilijua. Kitanda chako kinalia hata ukipiga chafya. Kila nikiita, kimya."

Daktari, aliyekuwa akisikiliza yote, akamwomba mkunga huyo aje kila Jumatano kufundisha mazoezi ya vidole katika wodi ya waliovunjika. Mama mkwe alikubali kwa sharti moja: mkwe wake aje naye, kwa magongo, awe mfano.

Hivyo Jumatano iliyofuata kinyozi alisimama mbele ya vitanda kumi na viwili, plasta mpya mguuni, akihesabu kwa sauti huku vidole vya wodi nzima vikipanda na kushuka. Fundi bomba mmoja mwenye mguu uliotundikwa akainua mkono.

"Bwana mkubwa, hiyo sindano ya tumboni inauma?"

"Hata kidogo," kinyozi alisema, kifua mbele.

Mama mkwe akakohoa.

"Inauma," kinyozi akakiri. "Lakini unahesabu moja mpaka tano, inakuwa imeshapita."