Upepo wa Mama Kafedha

Mimi nina hasira za karibu, na wanafunzi wangu wanalijua hilo. Nimefundisha upasuaji wa utumbo na majeruhi miaka kumi na tisa katika hospitali moja ya Kisauni, na nimewaliza wengi. Baba yangu alikuwa kuli bandarini, tukiishi Changamwe, na alinilea kwa kauli moja: kazi haina haya. Kauli hiyo ilinifikisha kwenye uprofesa. Ilikaribia pia kumpeleka mama wa watu kaburini.

Mama Kafedha alikuwa muuza mahamri wa Mishomoroni, umri wake miaka sitini na minane. Bodaboda ilimgonga akivuka barabara, utumbo mpana ukapasuka. Tulimpasua, tukashona, tukafunga. Baada ya hapo kazi ni kusubiri upepo. Watu hucheka nikisema hivi, lakini mgonjwa wa utumbo akijamba, daktari hushukuru Mungu, maana utumbo umeamka.

Kila asubuhi nilisimama kitandani kwake na wanafunzi wanane, nikamuuliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima kama amejamba. Yeye aligeukia ukuta na kutikisa kichwa. Ruth, muuguzi wa zamu, alisema hata bakuli la uji linarudi limejaa, halijaguswa. Siku ya tano tumbo lilikuwa limejaa, moyo unamwenda mbio, na picha hazikutupa jibu la wazi. Nikaogopa kwamba mshono umeachia. Daktari wa usingizi aliniambia wazi kwamba moyo wa mama ni dhaifu, akilazwa tena kwa upasuaji huenda asiamke. Lakini mshono ulioachia nao huua. Nikapanga tumfungue saa nane mchana.

Asubuhi hiyohiyo Kai akaja ofisini kwangu. Kati ya wanafunzi wote wanane yeye ndiye mwenye mikono mizuri. Aliniomba nimtoe kwenye wodi ile mpaka Mama Kafedha aende nyumbani. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama viatu vyake, akasema ni mambo ya kifamilia. Nikamwambia upasuaji si kazi ya watu wanaokimbia mgonjwa akizidiwa, na nikamwamuru aende yeye mwenyewe kuchukua idhini ya mama.

"Hilo siwezi, Profesa," alisema.

Nikamfukuza. Nikachukua fomu na wino wa dole gumba, nikaenda mwenyewe.

Ndivyo nilivyojikuta peke yangu na Mama Kafedha kwa mara ya kwanza. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza tunachotaka kufanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama mlango.

"Yule kijana mrefu hayupo?"

"Nimemfukuza."

"Yule ni mume wa binti yangu. Toka nilazwe yuko hapa asubuhi mpaka jioni. Sasa nile mbele ya mkwe, mwanangu? Niulizwe mambo yale mbele ya mkwe, nijibu?"

Nikavuta pazia, nikakaa kitandani, nikashusha sauti. "Mama, umetoa upepo?"

"Tangu juzi, usiku. Mchana nauzuia." Akajifunika uso kwa leso.

Nililisikiliza tumbo lake, nikasikia utumbo unanguruma. Ruth akaleta uji, akaunywa wote nyuma ya pazia, akaomba mwingine. Sikumpasua. Niliketi karibu yake mchana kutwa nikimpima, na kufikia magharibi tumbo lilikuwa limelegea na moyo umetulia. Niliona aibu ambayo baba hakunifundisha jinsi ya kuibeba.

Nilimwita Kai, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningesema nini, Profesa? Kwamba mkwe wangu ananistahi? Nilijua nikitoka tu, atasema."

Kesho yake nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Mama Kafedha akaenda nyumbani siku ya kumi, kwa miguu yake mpaka getini, na Kai akabeba mfuko wake hatua kumi nyuma.

Hiyo ni miaka sita sasa. Kai ni mhadhiri, na raundi yake huanzia mlangoni, kwa kuuliza nani ana jamaa ndani. Mwezi uliopita kidole tumbo changu kilipasuka, naye ndiye aliyenipasua. Siku ya pili alikuja na wanafunzi, wengi wao wangu. Akawaambia wasubiri nje, akavuta pazia, akakaa.

"Profesa," aliniuliza polepole, "umetoa upepo?"

Mimi niliyelipaza swali hilo miaka yote ile nikageukia ukuta kwanza.

"Tangu alfajiri," nikamwambia, na nikashukuru kwamba pazia limefungwa.