Minye Siko Dokta

Minye siko dokta. Nimeisema hiyo miaka yote niliyofanya kazi kwenye kituo cha afya cha Kalundu, kando ya ziwa, na watu wanacheka tu. Kwetu, mwenye kushika sindano na kuvaa blusi nyeupe ni dokta, basi. Minye ni infirmière. Yaani mimi muuguzi: nilipima, nilidunga, nilizalisha wamama, na sheria ya zone ya afya niliijua kama Baba Yetu: uzazi ukienda vibaya, infirmière asijaribu, apeleke mgonjwa hospitali kwa dokta wa kweli.

Sheria nzuri. Aliyeiandika alikuwa na barabara.

Mwaka wa vita yetu ya pili barabara ilifungwa, na dokta wetu wa mwisho akavuka ziwa na mtumbwi kwenda Bujumbura. Simlaumu. Kama ningepata nafasi kwenye ule mtumbwi, sasa hivi ningekuwa nauza nyanya kule, nimenenepa.

Ndipo wakaniletea Capitoline, mwanamke wa bonde la Ruzizi aliyekimbilia kwa jamaa zake mtaa wa Kimanga. Alizaa vizuri, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuudhi. Lakini baada ya hapo damu ikaanza kutoka na haikusimama. Nilimdunga sindano ya kukaza kizazi, ya mwisho niliyokuwa nayo. Haikutosha.

Mama mkwe wake, Geneviève, alisimama kando ya kitanda, mikono kiunoni. Tangu asubuhi alikuwa amenichosha.

"Minye nataka dokta," akasema. "Weye ni infirmière tu."

"Dokta iko Bujumbura, mama. Mufuate, kama unajua kuogelea."

"Ona mudomo yake!"

Kalundu nzima ni yeye peke yake aliyekataa kuniita dokta. Na iliniuma, sitaficha. Miaka yote nalikataa lile jina, kumbe nalipenda.

Basi nikafanya kile sheria inachokataza. Nilivaa glavu, nikaingiza mkono ndani, nikakunja ngumi, na mkono wa pili nikaukandamiza juu ya tumbo mpaka kizazi kikabanwa katikati. Damu ikapungua. Nikilegeza, inarudi. Nikibana, inasimama. Nikawa nimefungwa pale, mikono yote miwili kwenye mwili wa mtu mmoja, jasho linaniingia machoni. Geneviève akashika ncha ya kitenge chake na kunipangusa uso.

Wakati huo gari la waaskari, jipu, likasimama nje.

Waaskari waliingia wakiuliza kitu kimoja. "Dokta iko wapi?" Komanda wao alikuwa amepigwa risasi ya mguu, wamemficha milimani Bijombo. Niliogopa. Watu waliochukuliwa kwenda kule hatukuwaona tena.

"Hapa hakuna dokta," nikamwambia yule aliyetangulia, jitu refu lenye macho mekundu ya kukosa usingizi. "Alivuka ziwa. Minye ni infirmière."

Akawageukia wagonjwa waliojibana kwenye koridoo. "Ni kweli?"

"Ni infirmière," wakajibu wote, wale wale waliozoea kuniamkia dokta, dokta, kila asubuhi. Mungu awabariki. Yule askari akasonya, akageuka kutoka.

Mkono wangu ulikuwa umechoka. Ukalegea kidogo tu, damu ikaruka, na Geneviève akapiga yowe: "Dokta! Dokta wangu, usilegeze!"

Yesu wangu. Ulimi hauna mfupa. Siku nzima nimelingoja hilo neno kutoka kinywani mwake, na akalitoa saa hiyo!

Askari akarudi. Geneviève alijiziba mdomo, halafu akaanza kupayuka: "Hapana! Ni infirmière tu! Hajui kitu, hata kudunga hajui!"

"Mama," askari akamwambia, "muntu halilii infirmière namna hiyo."

Nikamsihi. "Nikitoa mikono, huyu mama anakufa."

"Na komanda akikufa, minye nitauawa," akajibu. Hakupaza sauti. Nikaona kwamba naye amenaswa kama minye, na hapo ndipo nilipokata tamaa.

"Mama Geneviève, njoo," nikasema. "Kunja ngumi. Weka hapa, juu ya kitovu. Egemea kwa nguvu zako zote, kama unasonga bukari ya watu wengi. Unasikia kitu kinadunda chini?"

"Kinadunda."

"Huo ni mshipa mkubwa wa damu. Ubane kwenye uti wa mgongo. Usilegeze, hata bomu likianguka."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka kizazi kiwe kigumu kama hiyo ngumi yako."

Nilitoa mikono taratibu. Damu haikuruka. Sikupata hata nafasi ya kunawa. Nilipanda jipu na damu ya Capitoline mpaka kwenye viwiko.

Komanda alipona. Nilisafisha kidonda, nikashona, nikampa vidonge nilivyokuta, na kupona kwake kukawa kifungo changu. Nani anaachilia dokta anayeponyesha watu? Kila nikisema minye ni infirmière, wanacheka kama watu wa Kalundu. Usiku nilisikia baridi ya Bijombo na kujiuliza kama ile ngumi ya mama mkwe ilishika. Hakuna aliyejua.

Dawa zilipoisha, walinishusha Kalundu kuchukua masanduku ya dawa yaliyobaki kituoni, bunduki mbili nyuma yangu. Uani kulikuwa na mwanamke anafua nepi, amekonda, mtoto mgongoni. Alikuwa Capitoline. Nikakaa chini, nikalia kwa furaha bila haya.

Geneviève akatoka ndani. Akaniona, akaziona bunduki. Nilifikiri atanikumbatia. Akaweka mikono kiunoni.

"Munatafuta dokta?" akawauliza. "Hapa hakuna dokta! Huyu namujua, ni infirmière tu. Nusura aniulie mukwe wangu! Mikono ya ovyo, akili hana. Mumuache, mutafute dokta wa kweli!"

Alinitukana mpaka nikakosa pa kuweka uso, na machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Sijawahi kupendwa vile. Askari alimtazama, akanitazama, na kwa kitambo kidogo nikaamini kwamba nitalala kwangu.

Lakini alikuwa ni yule yule mrefu, wa macho mekundu.

"Mama, siku ile nilikuwa hapa," akasema. Akabeba sanduku. "Dokta, panda."

Nikapanda. Mpaka jipu linakata kona ya bandari, nilikuwa bado namsikia Geneviève akikimbia nyuma yetu, sauti imemkauka, anapiga kelele: "Infirmière! Ni infirmière tu!"