Kilima cha Elvira

Domitila Ical alisali rozari yake, akaenda shuleni walikofikia watu wa ramani. Wiki nzima ndege yao ilizunguka juu ya msitu ikiumulika kwa miale ya leza, na sasa kwenye kompyuta yao ardhi ilionekana kana kwamba haina mti hata mmoja.

"Msitu umenyolewa kipara, shemeji," Crisanto, mdogo wa marehemu mumewe, alimtania mlangoni. "Hata choo chako kimeonekana."

"Basi umekiona hakina paa. Uliniahidi tangu Pasaka."

Nohemí, binti aliyeketi kwenye kompyuta, alicheka, akamsogezea kiti. "Karibu, bibi. Unatafuta nini?"

"Mtoto wangu."

Domitila alieleza bila kupandisha sauti. Mwaka askari walipochoma kijiji, yeye na mumewe walikimbilia msituni. Elvira, mwenye miaka mitatu, akafa kwa homa. Msalaba hawakuthubutu kusimamisha, askari wangeuona. Wakamzika chini ya kilima na kumwomba mwenye kilima, roho anayekilinda, amtunze, kama Waq'eqchi', watu wa kabila lao, wanavyoomba kabla ya kugusa ardhi yake. Alama waliishika moyoni: juu bapa, shimo la maji upande wa macheo. Mara nne walirudi kumtafuta, mara nne wakapotea.

"Kilima hakihami," alisema. "Nionyeshe nikamwombee."

Nohemí akabonyeza. Miti ikatoweka, kilima kikajitokeza: juu bapa, shimo upande wa macheo.

"Ndicho!" Domitila aliinuka. "Mungu wangu, ndicho!"

Nohemí aliipanua picha. Kikatokea cha pili kama hicho, cha kumi, mpaka kioo kikajaa.

"Si vilima, bibi. Ni misingi ya nyumba za wahenga wetu, kila nyumba na kisima chake. Ipo misingi mia tatu na kumi na miwili."

"Na kaburi?"

"Ni dogo mno. Miale hailioni."

Domitila alikaa. "Kama si kilima," aliuliza, "mwanangu tulimkabidhi nani?"

Crisanto alivua kofia.

Domitila akasema, "Miguu yangu inafika kimoja tu. Nionyesheni cha karibu."

Kesho yake Crisanto alitangulia na panga, akimfyekea njia. Chini ya kilima hicho Domitila alipiga magoti penye majani mabichi, akayatandaza kwa viganja kama anayetandika kitanda.

"Elvira," alisema, "kama si hapa, usidhani nimekusahau."